Nyota haijahama, ni vizio vyako

Wadogo zangu, wiki hii nimeoneshwa tena picha ya kompyuta ya nyota inavyoonekana kwa kamera ya ndege inayopita kasi ya sauti, nyota "iliyosogezwa na wimbi la mshtuko" wa hewa, tumbo likanikata. Picha hiyo naijua. Niliwahi kuichora mimi.

1. Vizio kwanza. Soliva yangu, yaani programu ya kukokotoa mtiririko wa hewa, ilitoa densiti iliyokwisha kugawanywa kwa ile ya hewa tulivu mbele ya ndege, kwa hiyo huko mbele ilisoma 1 daima. Mimi nikaichukua 1 hiyo kama kilo kwa mita ya ujazo, nikazidisha kwa Gladstone-Dale, namba inayogeuza densiti ya hewa kuwa nguvu yake ya kupinda mwanga, 0.000227, nikafuatilia miale mpaka kwenye dirisha la kamera. Nyota ikahama sekunde 45 za tao (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Kwa anayetafuta njia kwa nyota, hizo ni kilomita 1.4 za kupotea! Sikulala. Niliandika kurasa sita za kueleza namna mshtuko unavyopinda mwanga, na maelezo, niseme kweli, yalikuwa matamu. Siku ya kuwasilisha, msimamizi akaitazama slaidi ya pili, akauliza taratibu: "Ndege yako iko juu kiasi gani?" Kilomita 20, nikajibu kifua mbele. "Na densiti ya huko?" 0.089. Nimeitamka kwa kinywa changu mwenyewe, miguu ikaniisha nguvu. Densiti ya kilo 1 iko kilomita 2 tu juu ya bahari. Ndege yangu ilikuwa inakwenda Mach 3, mara tatu ya kasi ya sauti, kwenye mashamba ya Meru, inang'oa migomba. Jibu halali: sekunde 4, mita 120 na ushei. Kurasa zile ninazo bado, msiniombe.

2. RANS, njia ya kukokotoa hewa iliyosawazishwa, inatoa wastani: nyota itasogea, haitatetemeka. Mtetemo tafuteni kwa LES, njia inayofuata mizunguko mikubwa ya hewa kadiri inavyobadilika.

3. Tabaka za hewa zilizolala sambamba na dirisha, hata ziwe elfu, hazigeuzi mwelekeo wa mwisho. Zinazohesabika ni hewa ya mwanzo na ya mwisho. Mpindo wa maana unatoka kwenye mshtuko ulioinama na tabaka la hewa linalonata kwenye mwili wa ndege, likinenepa.

4. Gridi, yaani seli ndogo tunazoigawia hewa ili kuikokotoa. Ikazeni mara mbili. Jibu likibadilika, mmepima gridi, si hewa. Juzi mmoja wenu (hatajwi, anajijua) alisoma densiti ya seli ya jirani bila kulainisha, kila ukuta wa seli ukawa lenzi. Namwonesha, ananiambia, "Lakini kaka, picha imetoka nzuri." Hata yangu ilikuwa nzuri, mdogo wangu. Niliiweka kwenye jalada la mbele.