Usiache taa ya mafuta ikiwaka mkilala
Mama, umeuliza kama ni sawa kuacha taa ya mafuta iwake usiku mzima juu mtoto anaogopa giza. Tafadhali usijaribu. Hizi nyumba zetu za Nyalenda, huu mtaa wetu wa Kisumu, ni chumba kimoja, dirisha tunafunga juu ya mbu, na taa ikiwaka inakula hewa na inaweza toa sumu haina harufu, mtu anazidiwa akiwa usingizini hata hajui. Acha dirisha wazi kidogo, zima kabla mlale, na neti ikae mbali kabisa, hiyo hushika moto haraka sana.

Halafu kujaza. Mimi niliwahi ongeza mafuta taa ikiwa bado inawaka, moto ukapanda mpaka kwa mkono, alama iko hadi leo. Zima, ngoja ipoe, ndio ujaze, na usifikishe juu kabisa. Chimni, kile kioo cha taa, ikiwa nyeusi shukisha utambi, ama ukate ncha iwe sawa.

Mafuta nunua kwa mtu unaamini, yakichanganywa na petroli taa inaweza lipuka. Na usiyaweke kwa chupa ya soda! Mtoto akikunywa usimtapishe, kimbia naye hospitali.