Kabla Hujanunua Golf GTI Iliyotumika, Tenga Theluthi ya Pesa

Siku niliyolipia Golf GTI yangu nilikuwa na shilingi milioni 24 benki, na gari nililipa milioni 16. Rafiki zangu waliona nimejibana bila sababu. Kwa zile zilizobaki, walisema, ningepata la namba mpya zaidi, lenye rimu kubwa na rangi inayong'aa.

Sababu nilikuwa nayo. Mwaka 2018 nilinunua gari dogo jingine la mbio, aina sitaitaja, kwa kila senti niliyokuwa nayo. Mwezi wa tatu tangu nilinunue, tabo, ile inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini iongeze nguvu, ikaanza kutoa moshi wa bluu. Hela ya kuitengeneza sina. Fundi akalisukuma chini ya mwembe, na chini ya ule mwembe likakaa miezi saba. Majani yakajaa kwenye mfereji wa kioo cha mbele, tairi mbili zikaisha upepo. Jumamosi nilikuwa naenda kulitazama kama mtu anayekwenda wodini kumwona mgonjwa. Mwishowe niliwauzia watu wa spea, na iliniuma sana.

Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu injini, nasema hili kwanza: ukiwa na pesa ya kununua gari la namna hii, igawe mafungu matatu. Mawili nunulia gari, moja usiliguse. Gari la mbio lililotumika, mara nyingi limeuzwa na mtu aliyeona matengenezo makubwa yanakuja, na wewe ndiye unayekwenda kuyapokea. Ukiwa na hela ya kuyapokea utalifurahia. Ukiwa huna, litakutesa hata kama ni zima kiasi gani.

Kwa nini GTI? Volkswagen walionyesha ya kwanza Frankfurt mwaka 1975, ikaingia sokoni 1976, na mpango wao wa awali ulikuwa magari 5,000 tu. Walichofanya ni rahisi kueleza: walichukua gari la familia la kwenda sokoni na kupeleka watoto shule, wakaliwekea injini yenye nguvu na miguu imara. Nusu karne baadaye wazo ni lile lile. Langu ni la kizazi cha sita, kilichoanza 2009, injini ya lita 2 yenye tabo, nguvu farasi 210, linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde saba. Na bado nyuma linakaa gunia la mkaa na ndoo mbili za maembe kutoka Muheza. Viti vyake vya kitambaa vina mirabaraba myekundu na myeusi. Mama alipokaa mara ya kwanza alikipapasa kiti akauliza kama nimetandika shuka la Kimasai.

Nilitafuta miezi minne. Gari la kwanza nililolikagua kwa dhati lilikuwa Tabata, jeupe, safi mno. Dalali alinipokea kwa maneno matamu: "Kaka, hili ukiliacha leo, kesho hulikuti." Mimi nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nimeivisha soksi isikwaruze rangi. Nikaipitisha mlango wa mbele, ikanasa. Mlango wa nyuma, ikanasa. Nilipofika juu ya tairi la nyuma la kulia, ikateleza na kuanguka kiganjani. Nikairudisha, ikaanguka tena. Pale chini ya rangi palikuwa na puti, ile ya kujazia bodi iliyobonyea, nene kama kidole. Nikafungua buti, nikanyanyua zulia na tairi ya akiba, na kwenye sakafu ya chuma nikaona mshono wa kuchomelea usiofanana na ule wa kushoto. Lile gari lilikuwa limegongwa nyuma vibaya. Nilimshukuru dalali nikaondoka, na wiki iliyofuata nililiona tangazo lake likiwa bado na maneno "halijawahi kuguswa".

Ukaguzi wa bodi hauhitaji fundi. Sumaku inatosha, pamoja na macho kwenye boliti za boneti na za bawa la mbele: zikiwa zimechubuka rangi kwenye pembe, kuna aliyezifungua, muulize kwa nini. Na kwa sisi wa Dar es Salaam kuna jambo moja la ziada, maji. Magari yaliyozama kwenye mafuriko yanaoshwa, yanapigwa manukato na kuuzwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mwenye kuosha gari huosha sehemu ya mkanda inayoonekana, ile iliyojikunja ndani inabaki na mstari wa tope. Halafu ingiza mkono chini ya kiti na upapase reli zake kama zina kutu.

Usidanganyike na herufi ya namba. Watu wetu wanauliza "namba gani?" kana kwamba hiyo ndiyo umri wa gari, kumbe inaonyesha tu lini limesajiliwa hapa. Gari la 2010 linaweza kuwa na namba nzuri kuliko la 2013. Soma namba ya chesisi: kwa Golf hizi herufi ya kumi ndiyo inayotaja mwaka wa modeli, A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012, D ni 2013. Linganisha na kadi. Kama gari lilitoka Japani, na mengi yametoka huko, kwa namba hiyo hiyo ya chesisi unaweza kutafutiwa karatasi yake ya mnada kwa malipo madogo. Humo utakuta kilomita lilizokuwa nazo siku ya mnada na daraja lake. Ukiona R au RA, ujue lilipata ajali likatengenezwa. Langu lilikuwa na 4, na kilomita za kwenye dashibodi zilikubaliana na karatasi. Hapo ndipo nilipoanza kuzungumza bei.

Sasa cheni. Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo injini nzima inapookolewa au kupotea.

Injini ya GTI ya kizazi cha sita inatumia cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, na cheni hiyo inakazwa na kifaa kinachosukumwa na presha ya oili. Gari likilala, presha inashuka. Asubuhi ukiwasha, kuna sekunde chache ambazo oili haijapanda, na kinachoshikilia cheni isilegee ni kibanio kidogo cha meno ndani ya kile kifaa. Vile vya toleo la zamani kibanio chake kinaweza kuachia. Kikiachia, cheni inaruka meno, valvu zinakutana na pistoni, na bili yake unaweza kununulia pikipiki mpya na ukabaki na chenji. Kiwanda kilibadilisha umbo la kifaa hicho, na magari ya kuanzia 2012 hivi mengi yana toleo jipya. Kwenye kifuniko cha cheni kuna kizibo kidogo. Fundi anayezijua gari hizi anakitoa, anamulika tochi, na ndani ya dakika kumi anakwambia lako lina kipi.

Kwa hiyo nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Mimi nilifika kwa mwenye langu saa kumi na mbili na nusu, Mbezi Beach, umande ungali juu ya kioo. Nikaweka kiganja juu ya boneti, baridi. Safari ya kwanza nilipokwenda mchana nilikuta limeshapashwa moto, ndiyo maana nilirudi. Nikamwomba awashe yeye, mimi nikasimama mbele boneti ikiwa wazi. Unachosikiliza ni sekunde tatu za kwanza: mlio wa minyororo ikitikiswa ndani ya kopo. Sikuusikia. Hata hivyo kifaa chake kilikuwa cha zamani, na mwenyewe alikiri hakikuwahi kubadilishwa. Bei ikashuka, na wiki ya kwanza kabla sijalipeleka popote nilibadilisha kikaza, cheni na reli zake. Milioni mbili na laki tatu, spea na ufundi.

Ukiwa bado umesimama pale mbele, tafuta mstari uliokauka wa rangi ya waridi upande wa pampu ya maji. Nyumba ya ile pampu ni ya plastiki, ikizeeka huvuja. Kizazi cha tano kina jambo lake tofauti: kati ya kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, na pampu ya mafuta ya presha kuna kikombe kidogo cha chuma kinacholika. Kukitazama ni kazi ya nusu saa na kipya si ghali, ila kikitoboka kinaharibu vitu vya ghali.

Giaboksi ya DSG, ile ya Volkswagen inayobadili gia yenyewe, watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Ile ya gia sita ya kwenye GTI ina klachi mbili zinazofanya kazi ndani ya oili, na oili hiyo pamoja na filta yake inabadilishwa kila kilomita 60,000. Wauzaji wengi watakwambia ni ya maisha. Si ya maisha. Wakati wa majaribio tafuta mlima, simama, achia breki uone linavyoanza kutambaa. Liingie gia taratibu, bila kushtuka wala kutetemeka. Rudisha R, weka D, rudia mara tano. Langu lilikuwa linasita kidogo kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza, na risiti ya oili ya giaboksi haikuwepo kwenye bahasha ya mwenye gari.

Nilipobadilisha oili hiyo, fundi wangu, mzee mmoja mtulivu anayefanyia kazi uani kwake, aliniambia nilete gari alfajiri na niliache lipoe. Oili ile inapimwa ikiwa kati ya nyuzi joto 35 na 45, na kwa joto la Dar mchana unavuka 45 kabla hujamaliza kufungua kizibo. Alikaa na kompyuta mapajani akisoma nyuzi, mkono mwingine kwenye spana, na ilipofika 38 akaanza kazi. Ya zamani ilitoka nyeusi kama kahawa ya Bukoba iliyochemka mara mbili. Kusita kule kuliisha siku hiyo hiyo. Ukimpata fundi ambaye kabla ya kufungua anakuuliza joto la oili, mtunze.

Magari yaliyochokonolewa mimi nayakwepa: yaliyoshushwa chini, yaliyobadilishwa sailensa, yaliyoongezewa nguvu kwa programu. Huenda aliyefanya alijua kazi yake, lakini huna namna ya kujua gari liliendeshwaje baada ya hapo. Tafuta lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, hata kama limechakaa kiti.

Makaratasi ni mafupi: mkataba mbele ya mwanasheria, kadi halisi, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayepokea hela, deni la faini za barabarani liangaliwe kwa namba ya gari kabla hujalipa, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja. Bima kubwa, tafadhali.

Kuishi nalo ni kuzuri kama unakubali masharti. Matuta unayapanda kwa upande, tairi moja moja, la sivyo bampa inalamba lami. Tairi zake, 225/45 za rimu 17, hazipendi mashimo, kwa hiyo barabara ya vumbi ya kwetu naipita kwa mwendo wa kobe na sioni aibu. Oili naipima kila Jumamosi kabla sijaliwasha. Mlimani navuta breki ya mkono kwanza ndipo naweka P, uzito wa gari ukae kwenye breki. Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, trafiki wana tochi, na watoto wanavuka. Gari hili halihitaji mbio ndipo ulifurahie. Nilipanda nalo kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, na kasi ya juu niliyofika ilikuwa 60. Usukani unakwambia kila kitu barabara inachofanya chini yako. Nilifika juu nikiwa nimenyamaza, na mke wangu akauliza kama naumwa.

Kwenye lile fungu la milioni nane, baada ya cheni, oili ya giaboksi, tairi nne, plagi na koili, shokapu za mbele na bushi zake, mwezi wa kwanza ilibaki milioni mbili na nusu. Bima ikala sehemu, pedi za breki zikala sehemu. Leo kuna milioni moja na laki mbili, na kila mwezi naongeza laki moja na nusu. Mwezi wa kumi zamu ya oili ya giaboksi inarudi, na filta nimeshaiagiza.