Maswali yenu: Mwaka ambao twiga wa Malindi alitinga ikulu ya China

*Habari za kazi mhariri. Kijana wangu wa Form Two kapewa asaimenti, achague mwaka mmoja wa zama za kati aandike matukio, waliozaliwa na waliokufa. Nimegugo weee, kila mwaka nakuta wafalme wa Ulaya wanapigana tu. Hivi hakuna mwaka ambao na sisi tumo?*
*Mama Form Two, Mombasa*

Salama kabisa mama. Mwaka upo, mwambie achukue 1415 na aanze na twiga, hao wafalme wa Ulaya atawakuta mbele ya safari.

Ni hivi, mwaka huo ujumbe wa Malindi ulifika China na twiga mzimamzima, yaani si ngozi wala mkia, twiga anayetembea mwenyewe, zawadi kwa mfalme Yongle. Sasa Wachina walikuwa na mnyama wao wa hadithini anaitwa qilin, huwa hajitokezi hovyo, anaonekana tu nchi ikipata mtawala mwema, basi walipoona kiumbe kina shingo kama mnazi wakasema ndo huyu huyu. Na Yongle alikuwa anaihitaji sana ishara ya namna hiyo kwa sababu kiti chenyewe alimpora mtoto wa kaka yake mwaka 1402 na watu hawakusahau. Akatoka mwenyewe hadi lango la ikulu kumpokea mgeni, na pamoja na twiga kulikuwa na punda milia, huyo wakamwita farasi wa mbinguni. Punda milia jamani.

Mi huwa nawafikiria waliomsafirisha. Ndama wa twiga siku anayozaliwa tu ana kama mita 1.8, kakuzidi wewe na mimi, halafu umtie chomboni, umtafutie majani na maji ya kunywa, bahari ikichafuka umshike wapi? Nahisi walichukua mdogo, mkubwa angewashinda kabla hata hawajang'oa nanga. Lakini alifika.

Sasa hao wa Ulaya. Kelele zote za 1415 zimemezwa na Agincourt, Oktoba 25, Henry V wa Uingereza na wapiga mishale wake waliwachapa Wafaransa waliokuwa wengi kuliko wao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, shamba limelimwa, matope matupu, mtu kavaa chuma mwili mzima akianguka hainuki, wengine walikufa kwa kulaliwa na wenzao. Duke wa Orléans walimchomoa chini ya rundo la maiti, hai, wakamfunga Uingereza na hakurudi kwao mpaka 1440, miaka 25! Hadithi nzuri, sikatai, ila mimi ningeipa aya moja tu, kwa sababu vita vyenyewe viliendelea miaka mingi baadaye na mwishowe Waingereza walifukuzwa karibu Ufaransa yote.

Aya ndefu aipe Ceuta. Huo ni mji wa pwani ya kaskazini ya Afrika, upande wa Morocco, na Agosti 21 mwaka huohuo Wareno waliuvamia wakauteka kwa siku moja. Mfalme João alienda na wanawe, mmoja wao Henrique, kijana wa miaka 21. Mama yao, malkia Philippa, alikuwa kafa kwa tauni Julai 19, siku chache tu kabla merikebu hazijatweka, na bado wakaenda. Huyo Henrique ndiye baadaye aliyetuma meli zichungulie pwani ya magharibi ya Afrika kidogo kidogo, wenzake wakaendeleza, na mwaka 1498 Vasco da Gama huyo hapo Malindi anaomba rubani wa kumvusha mpaka India. Hesabu mwenyewe, miaka 83 tangu Ceuta. Mwaka ule ule twiga anafika China, huku Mreno ndo kwanza anatia mguu Afrika, na Malindi hakuna aliyekuwa na habari.

Waliokufa amuweke Jan Hus, padri wa Bohemia (Czech ya leo), alihakikishiwa usalama akaitikia wito wa mtaguso, yaani kikao kikuu cha viongozi wa kanisa, mjini Konstanz, Ujerumani, wakamchoma moto Julai 6 na majivu wakayamwaga mto Rhine. Mtaguso huohuo ulimhukumu na John Wycliffe, padri msomi wa Uingereza aliyekuwa ameshakufa tangu 1384, mifupa yake ikaja kufukuliwa na kuchomwa 1428. Kisa kilichowakutanisha hapo hasa ni kwamba kulikuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja, mmoja wakamvua, mmoja akajiuzulu, wa tatu akagoma.

Waliozaliwa: Frederick III, Septemba 21, aliyekuja kuwa kaizari wa Wajerumani, na Cecily Neville, Mei 3, mama wa wafalme wawili wa Uingereza. Mwalimu akiuliza mbona hakuna wa Malindi, amjibu kwamba watoto walizaliwa kama kawaida, ila daftari zilizotufikia ni za wengine.

*Mhariri, kuna mahali nimesoma twiga alifika China 1414, nyie kwenye toleo lililopita mkagusia 1415. Nani mkweli?*
*Msomaji, Tanga*

Wote, kaka. Walikuwa twiga wawili. Wa 1414 aliletwa na ujumbe wa Bengal, na Bengal hakuna twiga, kwa hiyo na yeye asili yake Afrika, wao walimpata wakampitisha mbele kama zawadi. Ile picha maarufu ya jamaa kashika kamba anamtazama twiga juu, madoa yamechorwa kama wavu, ni ya huyo wa 1414. Wa Malindi ndo wa 1415. Na kwa Hijria ukipenda, mwaka 818 ulianza katikati ya Machi 1415.

*Babu ana kisarafu cha shaba kina tundu la mraba katikati, anasema kiliokotwa ufukweni zamani. Kinaweza kuwa cha huyo huyo mfalme wa twiga?*
*Mjukuu, Kilifi*

Kinaweza, ila usianze kutangaza mtaani. Sarafu za China zenye tundu zilifika pwani yetu karne nyingi, kule Kajengwa Unguja zilipatikana nyingi za enzi za Song, ukoo wa wafalme wa China, za kale kuliko Yongle. Lakini Mambrui, hapo hapo jirani na Malindi, mwaka 2010 wachimbaji walipata moja ya Yongle kweli. Angalia herufi, ni nne, juu, chini, kulia na kushoto ya tundu. Piga picha pande zote mbili uipeleke makumbusho wakusomee, na sheria ya Kenya ya 2006 inataka kitu cha kale kikipatikana kitolewe taarifa. Na tafadhali mwambie babu asiisugue na ndimu.