Bilioni 260 za Saudi Arabia, nani kazihesabu?

Mjomba, umeuliza kama yale mapipa bilioni 260 ya akiba ya mafuta ya Saudi Arabia, yaani yaliyo bado ardhini, ni kweli au ni maneno yao wenyewe. Mashaka yana sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walipandisha hesabu kutoka takriban bilioni 170 hadi zaidi ya 250, bila ugunduzi mpya wa kulingana na ongezeko hilo. Kuwait ilishawatangulia. Enzi hizo OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, walikuwa wanavutana kuhusu mgawo wa uzalishaji, na mwenye akiba kubwa ana sauti. Halafu namba ikaganda miaka nenda miaka rudi, na huku wanachimba kila siku! Ila mwaka 2019 wakaguzi wa nje, DeGolyer and MacNaughton, walifika kwenye bilioni 263 hivi, kwa hiyo uongo mtupu siuoni.

Hata zile futi za ujazo trilioni 57 za gesi ya Tanzania ni gesi iliyoko ardhini, si yote itatoka. Ni kama kuhesabu korosho zikiwa bado mtini. Mnazi Bay yetu iligunduliwa 1982, ikapita miaka zaidi ya 20 ndipo gesi yake ikawasha taa hapa Mtwara.