Zamu za wikendi redioni: maswali yenu

Niliposema hapa kwamba mtangazaji mpya asikimbie zamu ya Jumamosi na Jumapili, wengi mliniandikia, baadhi kwa hasira. Haya ni machache kati ya maswali hayo.

*Shikamoo. Niko kwenye redio moja ya Mwanza, bado mgeni. Nimepangiwa Jumamosi alfajiri na Jumapili usiku. Niliosoma nao wananicheka, wanasema nimetupwa jalalani. Ni kweli?*

Marahaba. Kipindi cha asubuhi cha siku za kazi kina mtayarishaji, fundi mitambo, watangazaji wawili watatu na mtu wa mitandao ya kijamii, halafu mkuu wa vipindi anachungulia dirishani. Mgeni akiingizwa humo anasoma salamu na kucheka wakubwa wanapocheka. Jumamosi alfajiri uko wewe na mlinzi wa getini. Unapanga nyimbo, unapokea simu, unasoma matangazo ya vifo bila kukosea jina la marehemu, unavizia saa ili taarifa ya habari isichelewe. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, ni wewe wa kuhangaika mpaka mrudi hewani, na ukirudi usisikike unahema. Kipindi cha asubuhi hakitakufundisha hayo, maana kuna mwenzako wa kuyafanya.

Ila wanaokucheka wamepatia jambo moja: Jumapili usiku wakubwa hawasikilizi redio yao wenyewe. Kwa hiyo jirekodi kila zamu, ujisikilize Jumatatu ukiwa umetulia, ukate dakika tano nzuri na kumpelekea mkuu wa vipindi mara moja kwa mwezi. Usimpelekee kipindi kizima, hatakifungua. Redio zetu zinanyang'anyana watangazaji kila kukicha. Siku mtu wa asubuhi akihama ghafla, ataitwa yule anayeijua mitambo tayari na ambaye sauti yake imo kwenye simu ya bosi.

*Natangaza kipindi cha burudani Jumapili asubuhi. Chumba cha habari kimefungwa, mhariri yuko kanisani. Likitokea jambo kubwa, si nisubiri Jumatatu?*

Usisubiri. Tazama kalenda. MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba usiku wa kuamkia Jumamosi, 10 Septemba 2011. Westgate, Nairobi, ilivamiwa Jumamosi mchana, 21 Septemba 2013. Lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, Jumamosi asubuhi, 10 Agosti 2019. Ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria jirani na uwanja wa Bukoba Jumapili asubuhi, 6 Novemba 2022. Maporomoko ya tope ya Katesh, Hanang, yalikuwa Jumapili, 3 Desemba 2023, na ghorofa la Kariakoo lilianguka Jumamosi, 16 Novemba 2024. Kila mara, kwenye redio nyingi, aliyekuwa mbele ya maikrofoni alikuwa mtu kama wewe: kijana wa burudani mwenye orodha ya nyimbo za kuchezeka.

Anza na muziki. Badilisha wimbo kabla hujasema neno, kwa sababu anayemtafuta ndugu yake hataki kusikia vigelegele. Mpigie mhariri, hata kama yuko ibadani. Ukifungua maikrofoni, sema lililothibitishwa na nani amelisema, basi. Hesabu za watu zishike kwa tahadhari: siku ile ya Bukoba idadi ya waliookolewa na ya waliofariki ilibadilika kadiri saa zilivyokwenda, hadi ikatulia kwenye vifo 19 kati ya watu 43 waliokuwa ndani. Aliyesoma hesabu ya kwanza bila kumtaja aliyeitoa alibaki nayo mwenyewe. Majina ya marehemu usiyaguse kabla familia hazijaambiwa. Sauti ya WhatsApp ya “jamaa aliyeko eneo la tukio” usiirushe. Mpigie jamaa huyo, umuulize amesimama wapi na ameona nini kwa macho yake.

Jumapili isiyo na tukio, bandika ukutani namba za mhariri wa zamu, kamanda wa polisi wa mkoa, zimamoto na hospitali ya mkoa, kisha zijaribu. Nusu yake utakuta hazipatikani.

*Bosi anataka kipindi changu cha Jumapili mchana kirekodiwe Ijumaa, apunguze posho. Nikubali?*

Zilipendwa za saa tisa usiku, rekodi, hakuna atakayekulaumu. Kipindi cha mchana, mwambie arudie kusoma jibu lililotangulia, kisha ajiulize ni nani atakayezima utani wako wa Ijumaa watu wakiwa wanafukua kifusi. Akishikilia msimamo, awepo angalau mtu mmoja studio mwenye ruhusa ya kukikatisha.

*Nafanya zamu za wikendi kwa kujitolea, ni mwaka sasa. Napewa nauli tu. Wanasema najenga jina.*

Wewe umeshavuka mpaka. Zamu ya wikendi ni shule nzuri, lakini shule ina muhula. Kujitolea kuwe na kikomo kilichoandikwa, na mimi ningekiweka miezi mitatu. Baada ya hapo unaziba pengo la mwajiriwa.

Walioajiriwa Tanzania Bara nao waisome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na kila wiki una haki ya angalau saa 24 mfululizo za mapumziko. Ukikubali kufanya kazi siku yako ya mapumziko, saa hizo zinalipwa mara mbili. Hapa wengi hujichanganya: ikiwa ratiba inakupumzisha Jumanne, basi Jumapili kwako ni siku ya kazi kama nyingine, usidai mara mbili. Zamu ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa. Wewe unayepewa nauli, dai mkataba kwanza, maana bila mkataba hata kuthibitisha kwamba ni mwajiriwa itakuwa kazi.

*Nasoma matokeo ya mpira Jumamosi. Kwa nini mechi za Uingereza zinanipiga chenga kila mwisho wa Oktoba?*

Wao hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi hatugusi saa zetu. Mechi zao za saa tisa alasiri, ambazo kwetu huanza saa 11 jioni, zinahamia saa 12 hadi Machi. Ratiba yako ya matokeo isogeze saa moja mbele, na umwambie mapema anayekupokea zamu, maana dakika 90 hizo zitaangukia kwenye kipindi chake.