Mtoto wetu ni wa upande upi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi Mtanzania, kwetu ni Namanga ya Longido, nimeolewa Namanga hii ya Kenya, kutoka kwa mume wangu hadi kwa mama ni kwa miguu tu. Mwanangu ana miaka 7, alizaliwa huku. Mfuko mmoja wa kaptula anaweka shilingi za Kenya, mwingine za Tanzania, na wala hachanganyi. Shida iko kwa wakubwa, wakwe wanasema mtoto ni Mkenya basi, mama yangu naye analia eti nimewagawia watu mjukuu wake. Juzi mtoto kaniuliza, mama mimi wa wapi? Nikakosa jibu.
Mama wa Mmoja, Namanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo swali la mtoto limenigusa kweli. Mwambie yeye ni wa kotekote, na hapo humbembelezi, ndo sheria ilivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 14, inampa uraia wa kuzaliwa mtoto yeyote ambaye baba au mama yake ni Mkenya, popote alipozaliwa. Tanzania nayo, kwa vile wewe mama ni raia, inamtambua kama raia wa kurithi hata kama kazaliwa nje. Kwa hiyo wakwe zako wako sawa na mama yako yuko sawa, wanagombania kitu ambacho hakijapungua.

Ila kuna jambo mlijue mapema. Kenya inaruhusu uraia pacha, Tanzania kwa mtu mzima hairuhusu, sasa kijana akifika miaka 18 akitaka kubaki Mtanzania itabidi aukane ule wa Kenya. Hapo ataamua mwenyewe, na nawaomba sana msimfanye aamue leo akiwa na miaka 7, tena mbele ya bibi anayelia.

Kinachonitia wasiwasi ni makaratasi. Watu wa mpakani tunazoeana na njia za panya kwa sababu kila mtu anamjua mtoto wa nani, halafu siku anatakiwa shule au hospitali ya upande wa pili hana hata cheti. Kama cheti cha kuzaliwa bado, kichukueni mwezi huu, kiwe na majina yenu wote wawili, kisha nendeni na baba yake ofisi ya uhamiaji upande wa Tanzania muulize taratibu za kumwandikisha. Na mama yako mwambie mjukuu anakuja likizo, atapita getini na karatasi zake mkononi.