Ukienda kuhesabiwa Desemba, soma Luka 2 kwanza mbuzi baadaye

Kila Desemba utani ni ule ule, ofisini wanakuuliza "vipi, lini unaenda kuhesabiwa?" yaani lini unarudi kwenu Kilimanjaro kwa Krismasi, na sisi Wachaga tunacheka tu huku tunahangaika na tiketi. Sasa mwaka mmoja tuko kwenye basi tumepita Korogwe, mwanangu wa darasa la nne akaniuliza, baba kwani Yusufu naye alikuwa Mchaga? Nilicheka mpaka dereva akageuka, afu nikanyamaza, maana Luka 2 ndo inasema hivyo, kila mtu alienda kwao kuandikwa, na Yusufu akapanda Bethlehemu na mke mjamzito na wakafika nafasi hakuna.

Tangu hapo nyumbani tumeanza kautaratibu. Tarehe 24 usiku, kabla mtu hajanoa kisu, tunakaa jikoni kwa mama, mtoto mdogo kuliko wote anayejua kusoma anasoma Luka 2, mstari wa 1 mpaka wa 20, dakika tano zimeisha. Ushauri wangu: usihubiri. Mimi mwaka wa kwanza niliongeza maneno nusu saa nzima, wajomba wakasinzia, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikabaki inawaangalia.

Nauli: kata tiketi Novemba, au panda treni, ya Moshi ilirudi Desemba 2019 na watoto wanaipenda kuliko basi. Na kama huna hela ya mbuzi nenda hivyo hivyo bana. Mimi kuna miaka miwili sikwenda, biashara ilikuwa imeyumba naona aibu kushuka mikono mitupu, baba akanipigia akasema tu "sijakuuliza umeshika nini."

Ila kubwa ni ugomvi. Mimi na kaka yangu tulikuwa hatusalimiani kisa mpaka wa kihamba, yaani shamba letu la urithi, migomba minne tu jamani, na ule usiku mtoto anasoma habari ya malaika na amani duniani kaka alikuwa kakaa karibu na mlango hasemi kitu. Asubuhi natoka kupiga mswaki namkuta amesimama uani na jani la isale, kalifunga fundo. Kwetu isale ni jani la kuomba msamaha, ukiletewa hukatai. Nikapokea na povu la dawa mdomoni, sikuweza hata kuongea. Kwa hiyo kama una wa kumpelekea usingoje kikao cha ukoo tarehe 26 mbele ya watu, mpelekee asubuhi kabla ya kanisa.

Lile jani mama kalichomeka juu ya mlango wa jikoni, limekauka limekuwa jeusi kwa moshi, na ukiligusa anakufokea.